Pakiti moja ya dawa, damu mbili tofauti

SWALI

Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa Ngamiani, Tanga. Kijana wangu wa pili ana miaka 17. Alitokwa na mabaka yasiyo na hisia mgongoni na mkononi, kisha kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikaanza kufa ganzi. Akapimwa, tukaambiwa ni ukoma wa vimelea vingi, akapewa zile pakiti za bure za mwezi mzima. Siku ya kwanza alimeza mbele ya muuguzi, mkojo ukatoka mwekundu, tukaambiwa ni kawaida. Siku ya nne mkojo ukawa mweusi kama kahawa, macho yakawa manjano, na hakuweza kupanda ngazi bila kukaa chini kupumzika. Hospitalini damu ikakutwa 5.8, akaongezewa chupa mbili. Daktari akasema huenda amepungukiwa na G6PD, kitu kinacholinda chembe za damu. Wakampima siku ya tatu baada ya kuongezewa damu, majibu yakarudi kwamba yuko kawaida. Basi tukabaki njia panda. Dawa zote tumeziweka kabatini, hii ni wiki ya tano, baba yake hataki hata kuzisikia.

Kinachotuchanganya ni kwamba jirani yetu alimeza pakiti hizohizo mwaka mzima na hakuumwa hata kichwa. Mama mkwe kwanza alisema dawa zetu ni mbovu, sasa anasema kasoro imetoka upande wangu. Nami nashindwa kumkatalia, maana kwetu dawa zina mambo. Mdogo wangu yuko Makorora, anameza dawa ya kinga ya TB, na usiku nyayo zinamwaka moto mpaka anazilaza kwenye sakafu ya saruji. Mjomba wangu alipopasuliwa ngiri zamani alichelewa sana kuzinduka, wakakaa naye kwenye mashine ya kupumulia mpaka jioni. Wazee wanasema damu ya ukoo wetu haipatani na dawa za hospitali, bora tutumie za miti.

Binti yangu mkubwa kajifungua mtoto wa kiume, ana wiki tatu. Arobaini inakaribia na wakwe zake wanataka mtoto apakwe hina nyayoni. Kuna mtu aliniambia hina ina madhara kwa watoto wa ukoo wenye tatizo hili, nikadhani ni maneno ya mtaani. Nina na wengine wawili, wa kike miaka 13 na wa kiume miaka 9.

Nifanye nini na dawa zilizo kabatini? Kweli ni mimi niliyemrithisha mwanangu? Na hawa wengine niwalinde vipi?

Mama Wanne, Ngamiani

JIBU

Wa aleikum salaam, Mama Wanne. Pole sana wewe na kijana. Tutaanza na kabati, kwa sababu hapo ndipo muda unapopotea.

Ndani ya pakiti moja ya ukoma ya mtu mzima mna dawa tatu, si moja. Siku ya kwanza ya mwezi mgonjwa humeza rifampisini miligramu 600, klofazimini miligramu 300 na dapsoni miligramu 100. Siku 27 zinazofuata humeza klofazimini miligramu 50 na dapsoni miligramu 100 kila siku. Dawa tunayoishuku kwa yaliyompata kijana wako ni dapsoni peke yake, kile kidonge cheupe, na nyuma ya pakiti utaona imeandikwa Dapsone. Rifampisini na klofazimini hazina kesi hapa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa mgonjwa wa vimelea vingi aliyedhurika vibaya na dapsoni ni mwepesi: dapsoni iachwe, zile mbili ziendelee kwa dozi yake ya kawaida. Matibabu ya vimelea vingi ni pakiti 12, na zinaweza kukamilishwa ndani ya miezi 18, kwa hiyo wiki tano zilizopotea bado hazijaharibu kitu upande wa dawa.

Upande wa mkono ni jambo jingine. Kidole kidogo kikifa ganzi, neva inayopita nyuma ya kiwiko imeshaguswa, na ukoma haungojei familia ielewane. Ganzi iliyoanza karibuni, chini ya miezi sita, hutibiwa kwa prednisoloni na mara nyingi hisia hurudi. Ikipita hapo matumaini hupungua sana. Kwa hiyo mpeleke wiki hii kwa Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Wilaya, ukiwa na pakiti zote na karatasi za hospitali. Omba mambo mawili: apimwe neva na nguvu za mkono, na aandikiwe upya matibabu bila dapsoni. Tafadhali msikae nyumbani mkabandua kile kidonge cheupe kimyakimya. Kadi yake lazima iseme dapsoni imesimamishwa na kwa nini, la sivyo muuguzi mwingine mwezi ujao atamrudishia pakiti nzima kwa nia njema kabisa.

Mwambie na baba yake jambo moja mapema asije akashtuka tena. Mkojo utarudi kuwa mwekundu wa machungwa baada ya rifampisini ya mwezi. Huanza saa chache baada ya kumeza, huisha ndani ya siku moja au mbili, na mgonjwa mwenyewe yuko mzima, anakula na kutembea. Klofazimini nayo huifanya ngozi iwe nyeusi zaidi na huchangia wekundu huo. Huo si ugonjwa. Wa hatari ni ule wa siku ya nne: mweusi, unaozidi badala ya kupungua, pamoja na macho ya manjano, moyo kwenda mbio, kuishiwa pumzi, pengine na maumivu ya mgongo. Mkojo wa namna hiyo ukiuona kwa yeyote nyumbani, dawa iliyoanzwa isimame na mtu awe hospitalini siku hiyohiyo.

Sasa kwa nini yeye, na si jirani? Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, na haina uwezo wa kujitengenezea vifaa vipya baada ya kutoka kwenye uboho. Akiba aliyozaliwa nayo ndiyo hiyohiyo mpaka mwisho. Katika akiba hiyo mna kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinachoilinda chembe dhidi ya kemikali zinazoiunguza, kama rangi inavyolinda mabati ya pwani dhidi ya kutu. Mwenye jeni ya kawaida, akiba yake humtosha mpaka chembe izeeke. Mwenye jeni ya aina iliyo nyingi Afrika, akiba hiyo huisha mapema, na chembe za umri wa miezi miwili au zaidi hubaki bila ulinzi. Maisha ya kila siku hayamdhuru, ndiyo maana kijana wako alikua na kucheza mpira bila wewe kujua lolote. Lakini ini likiigusa dapsoni huigeuza kuwa kemikali nyingine iunguzayo, na chembe zisizo na akiba hupasuka kwa mkupuo. Rangi ya damu iliyomwagika kutoka ndani ya chembe hupita kwenye figo, na huo ndio mkojo wa kahawa. Dalili kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya kwanza na ya nne tangu dawa ianze. Kijana wako amefuata ratiba hiyo. Jirani yenu alimeza dapsoni ileile, ila akiba yake ilikuwa kamili. Dawa za nyumbani kwenu hazikuwa mbovu.

Yaliyompata si mageni mkoani kwenu. Muheza ilikuwa miongoni mwa sehemu ambako mchanganyiko wa klorproguanili na dapsoni ulijaribiwa kwa watoto wenye malaria sugu, na matokeo yake yalichapishwa 2001. Dawa ile, iliyouzwa kwa jina la Lapdap, iliua vimelea vizuri. Lakini ilipotumika kwa upana zaidi, waliopungukiwa na G6PD walishuka damu kiasi cha kutisha, na mwaka 2008 mtengenezaji akaiondoa sokoni. Dozi yake ya dapsoni ilikuwa miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku tatu tu. Kijana wa kilo 45 anayemeza miligramu 100 kila siku hupata zaidi ya miligramu 2 kwa kilo, bila kikomo cha siku tatu.

Kuhusu majibu ya "kawaida": tunaona kipimo kilisema kweli juu ya damu iliyokuwemo mwilini siku ile, ila damu ile haikuwa yake. Chupa mbili zilitoka kwa wachangiaji ambao huenda G6PD yao ni nzima. Na hata chembe zake mwenyewe zilizosalia zilikuwa changa, zilizotoka kwenye uboho siku hizohizo, akiba ikiwa bado imejaa, kwa sababu nzee zote zilikuwa zimeshapasuka. Kupima wakati huo ni sawa na kutopima. Subirini miezi mitatu kamili tangu tarehe ya kuongezewa damu, kisha arudiwe. Mpaka hapo, kila mhudumu amchukulie kuwa amepungukiwa.

Mtakapopima, ulizeni kwanza maabara ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, kama kipimo kipo, kabla ya kumpandisha mtoto bajaji. Vipo vya namna mbili au tatu. Kile cha haraka hutumia tone la damu ya kidoleni: baada ya dakika 10 hivi kidirisha kikigeuka zambarau kimeng'enya kipo, kikibaki bila rangi kimepungua. Kina mpaka wa joto ulioandikwa kwenye boksi, kwa hiyo kisifanyiwe kwenye chumba kilichoiva kwa jua la Januari. Kile cha taa, tone la damu huchanganywa na kemikali kisha humulikwa kwa taa ya zambarau: ya mzima hung'aa, ya aliyepungukiwa hubaki giza. Kipimo cha tatu hutoa namba, na hicho ndicho tunachokipenda kwa wanawake, tutaeleza. Damu ikichukuliwa ya kupelekwa mbali, iwe kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, isigande.

Swali la urithi ni la haki na tutakujibu bila kuzunguka. Jeni ya G6PD imebebwa na kromosomu X. Mtoto wa kiume anayo X moja, na huipata kwa mama yake tu. Baba humpa Y. Kwa hiyo kama kijana amepungukiwa, jeni ile imepitia kwako karibu kwa hakika. Mama mkwe amepatia mahali ilikopita, amekosea kuiita kasoro ya kubebeshwa mtu. Wewe una X mbili, moja nzima, ndiyo maana hukuwahi kuugua. Tena jeni hii imeenea pwani yetu kwa sababu maalumu: palipokuwa na malaria kwa karne nyingi, waliokuwa nayo walikuwa na nafuu fulani dhidi ya malaria kali, wakaishi na kuzaa. Anthony Allison, yule aliyeonyesha uhusiano wa selimundu na malaria Afrika Mashariki mwaka 1954, aliandika pia juu ya upungufu wa G6PD kwa watu wa ukanda huu mwaka 1960. Ukipita nyumba kwa nyumba Ngamiani ukapima wanaume, hutamaliza mtaa kabla hujampata mwingine.

Hesabu ya watoto inakwenda hivi. Kila mtoto wako wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu. Wa miaka 9 apimwe sasa, hana haja ya kungoja, kwa sababu hakumeza dapsoni wala hakuongezewa damu. Akikutwa amepungukiwa, shaka juu ya kaka yake inapata nguvu sana, ingawa naye bado atapimwa. Akikutwa mzima, hiyo haimsafishi kaka yake, kila mmoja alipigiwa kura yake. Mabinti nao wana nusu kwa nusu ya kubeba X hiyo, na aliyebeba ana chembe mchanganyiko, nyingine nzima nyingine hazina. Kipimo cha ndiyo au hapana huweza kumpitisha kuwa mzima wakati nusu ya chembe zake ziko hatarini. Ndiyo maana kwao, na kwako wewe, tunataka kile cha namba. Na mume wako apimwe pia, si kwa ubishi wa nani mwenye kosa: kama naye amepungukiwa, mabinti zenu wote wawili wamebeba bila shaka, na hesabu ya mjukuu inabadilika. Kwa sasa, tukichukulia baba ni mzima, mjukuu ana nafasi moja kati ya nne.

Robo ni nyingi mno kwa mtoto wa wiki tatu, na hapo tunafika kwenye hina. Aliyekuambia hakukudanganya. Kile kinachotia rangi kwenye jani la hina ni kemikali inayounguza chembe nyekundu kwa njia inayofanana na ya dapsoni, na ngozi ya kichanga ni nyembamba, huipitisha. Katika nchi za Kiarabu ambako kupaka watoto hina ni desturi, wameandikwa vichanga waliopungukiwa na G6PD ambao damu ilishuka vibaya baada ya kupakwa, na wengine walipoteza maisha. Mtoto asipakwe, nyayo wala kiganja. Waambieni wakwe kwa adabu kwamba kaka wa mama yake alishuka damu mpaka 5.8 na mtoto bado hajapimwa. Hiyo ni sababu ambayo bibi yeyote ataielewa. Mama yake mtoto akitaka kupakwa mikono, iwe hina tupu iliyosagwa, ikauke na kuoshwa kabla ya kumshika mwanawe. Piko isikaribie nyumba hiyo, kwa mama wala mtoto. Ina kemikali ya rangi za nywele, na huunguza ngozi za watu wasio na tatizo lolote la damu.

Na sanduku la nguo je? Zile punje nyeupe za naftalini tunazoweka kufukuza mende na nondo ni hatari kwa kichanga aliyepungukiwa zaidi hata ya hina, kwa sababu mvuke wake humfikia kwa pumzi na kwa ngozi usiku kucha. Tunajua nguo na mablanketi ya watoto wakubwa huhifadhiwa humo kwa ajili ya anayekuja. Toeni punje zote nyumbani, nguo zifuliwe na zianikwe juani siku kadhaa, na zikibaki na harufu asivishwe. Mtoto huyo akiwa na umanjano wa macho sasa hivi, msingoje arobaini: apelekwe leo apimwe kiwango cha nyongo kwenye damu.

Upande wa dawa za malaria, hofu iwe na mipaka. Mseto ni salama kwao, paracetamol pia. SP ya wajawazito kwa dozi ya kawaida haina shida inayojulikana. Septrini kwa dozi ya kawaida wengi huivumilia vizuri, ila mtaje tatizo na muangalie mkojo siku za mwanzo. Primakwini ina sura mbili: ile dozi moja ndogo ya miligramu 0.25 kwa kilo, inayotolewa kuzuia mbu wasiambukizwe, Shirika la Afya Duniani tangu 2012 limeiruhusu bila kupima G6PD, na usalama wake ulichunguzwa hata Bagamoyo. Lakini primakwini ya siku 14, au tafenokwini, wasipewe bila kipimo. Dapsoni na bluu ya methilini wasipewe kabisa. Sindano ya artisuneti ya malaria kali watumie bila woga, maana kuikosa kunaua. Ila damu ipimwe tena wiki ya kwanza hadi ya nne baada yake, kwa sababu inaweza kushuka kwa njia nyingine isiyohusiana na G6PD. Maharage tunayopika, kunde, choroko na mbaazi hazina neno. Maharage yanayosemwa kwenye vitabu ni ya fava, yale makubwa bapa wanayopika Waarabu. Na mkumbuke kwamba homa kali peke yake, hata bila dawa, inaweza kupasua chembe zao.

Kwa kuwa kijana anatibiwa ukoma, wengine nyumbani wanaweza kupewa dozi moja ya rifampisini ya kinga baada ya kukaguliwa ngozi. Wameze. Hiyo haina uhusiano na mambo haya.

Tuje kwa mdogo wako wa Makorora, ambaye tatizo lake halihusiani kabisa na la kijana. Dawa yake, isoniazidi, huvunjwa na kimeng'enya kingine kilicho kwenye ini, kiitwacho NAT2. Mwaka 1960 daktari Mwingereza David Price Evans na wenzake walionyesha kwamba watu hugawanyika makundi kwa urithi, wanaoivunja haraka na wanaoivunja polepole. Kwetu Afrika Mashariki wa polepole ni takriban nusu ya watu, kwa hiyo hapo hakuna ukoo wa kunyooshewa kidole. Kwa wa polepole, miligramu 300 za kila siku hukaa mwilini muda mrefu, na isoniazidi huondoa vitamini B6 ambayo neva za miguu zinaihitaji. Ndipo nyayo zinapowaka. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, mwenye VVU na mnywaji wa pombe hupatwa zaidi.

Dawa yake ipo na ni ya bei ndogo: piridoksini, ambayo ndiyo B6. Kwa kinga hutolewa miligramu 10 hadi 25 kwa siku pamoja na isoniazidi. Aangalie kama kwenye mfuko wake kuna kidonge cha pili. Mara nyingi tunakuta hakikutolewa, au mgonjwa alikiacha akidhani ni vitamini tu. Miguu ikishaanza kuwaka dozi hupandishwa, na wa kuipandisha ni daktari, kwa sababu B6 nyingi mno kwa muda mrefu nayo huharibu neva. Asiache isoniazidi kwa ajili ya miguu. Aiache na kukimbilia kituoni siku hiyohiyo endapo atapata kichefuchefu kisichoisha, mkojo wa giza, macho ya manjano au maumivu chini ya mbavu za kulia, maana hilo ni ini.

Jambo moja la pwani ambalo vijikaratasi vya dawa hulitaja kwa herufi ndogo: isoniazidi huzuia mwili kuvunja histamini, na jodari, sehewa au vibua waliokaa juani bila barafu hujaa histamini. Mtu anayemeza dawa hii akila samaki hao anaweza kuwaka uso, kichwa kugonga na moyo kwenda mbio ndani ya saa moja, akaambiwa ana mzio. Ale samaki aliyetoka baharini siku hiyo, na hao watatu awapishe mpaka amalize dozi.

Mjomba ni habari ya tatu. Kabla ya kumtia mtu mrija wa kupumulia, mara nyingi hupewa suksamethoni, dawa inayolegeza misuli yote. Kwa kawaida damu huivunja ndani ya dakika 5 hadi 10. Wachache wamerithi, kutoka kwa baba na mama wote wawili, kimeng'enya kisichofanya kazi hiyo, na kwao kulegea huchukua saa kadhaa. Wakiwa kwenye mashine hawapati madhara, huamka wenyewe. Hatusemi ndicho kilichompata, kuchelewa kuzinduka kuna sababu nyingi. Lakini maelezo ya mashine mpaka jioni yanatosha kwa ndugu zake wa tumbo moja, akiwemo mama yako, na kwa watoto wake, kumwambia mtaalamu wa usingizi kabla ya upasuaji wowote. Dawa nyingine za kulegeza misuli zipo, akijua atachagua.

Kwa hiyo wazee wameunganisha mambo matatu yasiyounganika. G6PD iko kwenye kromosomu X, ya isoniazidi na ya suksamethoni ziko kwingine kabisa, na kila moja huamua dawa chache tu. Mwanao anaweza kumeza mamia ya dawa bila shida. Na miti haina kinga hapo: hina yenyewe ni jani la mti. Tena upo upande wa pili ambao ukoo wenu haujautaja, wa wanaovunja dawa haraka kupita kiasi. Kodeini ya kikohozi na maumivu hugeuzwa na ini kuwa mofini, na mwenye nakala za ziada za jeni ya CYP2D6 hupata mofini nyingi kwa mkupuo. Utafiti uliochapishwa 1996 uliwakuta Waethiopia wapatao 29 kati ya 100 wakiwa hivyo. Mwaka 2017 Marekani ilikataza kodeini kwa watoto chini ya miaka 12 na ikaonya wanaonyonyesha wasiitumie. Binti yako akiwa na kikohozi, dawa ya maji yenye kodeini aikatae, kwa ajili ya kichanga kilicho titini.

Kilichobaki ni karatasi. Chukua kadi ngumu, andika kwa kalamu isiyofutika, iwekwe ndani ya daftari la kliniki la kijana na nakala kwenye simu yako:

"Dapsoni miligramu 100, pakiti ya ukoma. Siku ya 4: mkojo mweusi, macho manjano. Damu 5.8. Aliongezewa chupa 2, tarehe ... G6PD: ilipimwa siku 3 baada ya damu, haihesabiki. Kurudia baada ya tarehe ... Asipewe dapsoni, bluu ya methilini, primakwini ya siku 14, tafenokwini."

Hospitali iliyomtibu ina fomu ya kuripoti madhara ya dawa kwenda Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Uliza kama ilijazwa, na kama bado, omba ijazwe ukiwa na kadi hiyo mkononi. Kwenye dirisha la dawa, popote, msiseme "ana mzio wa dawa za ukoma", kwa sababu mfamasia atamnyima rifampisini anayoihitaji. Semeni: "Alishuka damu kwa dapsoni, tunashuku G6PD." Maneno hayo yanamtosha. Mfundishe na kijana mwenyewe ayaseme bila wewe, ana miaka 17 na karibuni atakuwa anakwenda hospitali peke yake.